Faili Nene, Ndoa Nene

Jumatatu, 5 Machi

Barua imefika. Ofisi ya uhamiaji inatuita Jumatano ya wiki ijayo, mimi na mke wangu. Kila mmoja atahojiwa chumba chake, waone kama ndoa yetu ni ya kweli au ya makaratasi. Nikipita, napata ukaazi na ruhusa ya kufanya kazi. Nisipopita, narudi nilikotoka, na mke anabaki kwao na pete yake.

Ndoa ni ya kweli. Nampenda mpaka nafua soksi zake bila kuagizwa. Lakini ukweli mtupu, nani ameuamini lini? Ukweli unataka kusaidiwa.

Mimi ni fundi wa majokofu. Tangu nifunge ndoa huku sijashika bisibisi, sheria imekataza. Mke anafua mashuka ya hoteli zamu mbili, anarudi vidole vimechubuka kwa dawa. Mimi nakaa nyumbani kwa mama mkwe, chumba cha nyuma, mwanaume mzima, kazi yangu ni kumfungulia mlango. Mwenye bucha hapo chini ana majokofu yanayovuja na ameniahidi kazi. Atanisubiri wiki tatu, baada ya hapo anatafuta mwingine. Nikisikia maji yake yakidondoka nataka kulia.

Jumanne, 6 Machi

Nimekwenda kwa Kibali kuomba siri. Huyu ni mtu wa kwetu, alioa huku mwezi uleule niliooa mimi. Jina lake halisi limeshasahaulika, maana tangu apewe kibali cha kazi anakivaa shingoni hata akienda kununua mkate.

Anasema alipohojiwa aliulizwa mswaki wa mkewe ni wa rangi gani. Akajibu hajui. Afisa akacheka, akasema hata yeye wa mkewe haujui. Basi, yakaisha. Nikamwuliza dawa yenyewe hasa ni ipi. Akasema hakuna dawa, kaseme kweli.

Mchoyo! Mtu unakula naye sahani moja, halafu anakuficha mganga wake.

Jumamosi, 10 Machi

Picha. Wanataka picha za maisha yetu pamoja. Tulizonazo ni aibu tupu. Moja nimelala mdomo wazi kwenye benchi. Nyingine tunagombea mwavuli, na mke kanuna. Yeye anaipenda hiyo kuliko zote, anasema ndiyo sisi. Nimeikataa.

Leo nimekusanya mashati yote na makoti yote, nikapiga picha za miaka mitatu kwa alasiri moja. Majira ya joto dirishani. Ya baridi kwenye ngazi. Sikukuu ya kuzaliwa ya mke mara mbili, kwa mkate uleule. Mama mkwe nimemvisha koti na kumvua mpaka akamwuliza bintiye kama mkwe ana homa. Mke akasema tutachekwa. Nikamwambia asiyekubali kushindwa si mshindani.

Asubuhi nilijikata kidevu nikinyoa. Plasta ndogo tu. Haionekani.

Jumapili, 11 Machi

Faili limekuwa jembamba, linatia huruma. Kanuni yangu ni hii: faili nene, ndoa nene. Nimechapisha jumbe zote za simu nilizoandikiana na mke. Bado jembamba. Nikachapisha na za watu wengine wote, simu nzima. Zimeandikwa kwa Kiswahili, acha watafute wa kuwasomea. Sasa faili linasimama lenyewe mezani! Nimelipeleka hadi kwenye kisanduku cha ofisi yao, likakwama mlangoni, nikalisukuma kwa goti.

Kisha nikamwandikia Bibi ujumbe wa salamu, tukampigia, kama kila Jumapili. Bibi amemzaa mama yangu, na mama alipofariki ndiye aliyenilea. Tangu nanyonya ananiita mume wangu. Mimi namwita mke wangu wa kwanza. Na mke wangu huyu wa pete anamwita mke mwenzangu. Wanacheka hao wawili! Nusu ya Kiswahili cha mke imetoka kwenye simu hiyo. Leo Bibi kamwagiza mwenzake anitunze vizuri, zamu yake yeye imeshapita.

Jumanne, 13 Machi

Mazoezi. Mke karudi hoi, nikamkalisha nikamhoji. Upande gani wa kitanda? Nani anaamka kwanza? Tabu yake ni moja: anaeleza mno. Ukimwuliza pazia la rangi gani, atakuambia na habari ya shangazi aliyelishona. Nikampa sheria. Jibu ulichoulizwa, funga mdomo, usiongeze neno hata likikuwasha. Mdomo uliponza kichwa.

Akaniuliza, mbona tusiende tu tukasema tunavyoishi? Nikamwonea huruma. Hajui ulimwengu.

Na mimi nimejiwekea sheria yangu. Nikiulizwa habari ya mwanamke mwingine yeyote, kana. Kana kabisa.

Jumatano, 14 Machi

Nimekwisha.

Tulitenganishwa mlangoni. Chumba changu kilikuwa na afisa mwenye mafua na mkalimani. Mkalimani anasema Kiswahili, lakini si cha kwetu. Kwao bibi ni mke. Kwetu bibi ni mama wa mama. Ningejua hilo mapema ningemkumbatia na kumweleza. Sikujua.

Maswali ya kitanda nikayajibu kama kasuku. Kisha afisa akaniuliza, mke ninayemwandikia kila Jumapili ni nani? Nikasema sina mke mwingine. Akasisitiza, yupo. Nikakumbuka sheria. Nikasema simjui huyo mwanamke, sijapata kumwona maishani mwangu.

Akafungua faili langu. Akanisogezea karatasi. "Bibi yangu, nimekukumbuka sana." Na jibu chini yake: "Mume wangu, usinisahau huko kwa wenyewe."

Bibi! Nilimkana Bibi!

Hapo mtu mwenye akili angesema, samahani, huyu ni mama wa mama yangu. Nami nilitaka. Lakini nimeshasema simjui. Nikigeuka sasa nitaonekana mwongo. Basi nikasema namba imekosewa. Afisa akapenga kamasi, akauliza, kila Jumapili? Nikasema ndiyo, mtandao wa kwetu ni mbovu sana.

Mke nilimkuta nje ametulia, ameridhika na nafsi yake. Nilipomwuliza alihojiwa nini, akasema walimwuliza kama anajua mumewe ana mke wa kwanza. Akajibu anajua. Wakamwuliza wanaelewana? Akajibu sana, tunaongea kila Jumapili, ananiita mke mwenzangu. Nikamwuliza kwa nini hakueleza kuwa ni utani wa bibi na mjukuu. Akasema alitaka kueleza, likamwasha kwelikweli, akakumbuka sheria yangu, akafunga mdomo.

Tumerudi kwa miguu. Sikuweza hata kumlaumu.

Alhamisi, 15 Machi

Mke, bila kunishauri, kampigia Bibi na kumsimulia yote. Nikajificha jikoni. Nilidhani Bibi atacheka. Hakucheka. Akasema, "Mwambie mume wetu nimesikia kuwa mimi ni namba iliyokosewa."

Akakata. Bibi hakati simu hata siku moja. Huwa tunangoja salio limkatie.

Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni hadi zahanati nilipougua surua. Nimekaa jikoni mpaka mama mkwe akaja akanizimia taa, akidhani hakuna mtu. Hakukosea sana.

Alhamisi, 29 Machi

Jibu limekuja. Wamekataa.

Sababu ya kwanza: mwombaji ana mke mwingine, amemkana, na mke wa pili amemthibitisha. Sababu ya pili: katika picha za miaka mitatu, majira yote ya mwaka, mwombaji ana plasta ileile kwenye kidevu kilekile. Nafasi imebaki moja, kukata rufaa. Tukishindwa hapo, naondoka.

Nimeshuka kumwomba mwenye bucha aniongeze muda. Nikamkuta Kibali ameinama nyuma ya jokofu, kibali kinaning'inia kwenye nyaya. Kibali, ambaye maarifa yake yote ya jokofu ni kufungua na kufunga mlango! Ameajiriwa tangu jana. Akaniuliza kwa heshima kompresa ndiyo ipi. Nikamwonyesha. Nikapanda ngazi nikajilaza na viatu.

Mke aliporudi zamu alisoma barua akiwa amesimama, koti hajavua. Nilitaka anifokee, ningejitetea. Hakufoka. Alilia kidogo, akajifuta kwa kiganja kile kilichochubuka, akasema, "Mimi nimeolewa kweli. Wewe ndiye unayeigiza."

Nimeandika hapa nisisahau. Ni kweli, ni kweli, ni kweli.

Jumamosi, 31 Machi

Siku mpya! Mke ameishika rufaa mwenyewe. Bibi amesamehe, au amemwonea huruma mke mwenzake: amekwenda kwa wakili kula kiapo kwamba alimzaa mama yangu na kwamba hajawahi kuolewa na mimi. Wakili, eti, alicheka mpaka akavua miwani. Kibali kajitolea kuwa shahidi, anasema hajawahi kuona watu wanagombana kama mume na mke kuliko sisi. Kazi yangu mimi ni moja tu. Nikae kimya, nisiongeze kitu. Mke kaniapisha kwa jina la marehemu mama. Nimeapa kwa moyo wangu wote.

Mchana nikatoka kununua sabuni, nimetulia kabisa, mtu mpya. Kwenye ngazi nikakutana na jirani wa ghorofa ya juu na watoto wake mapacha. Watoto wazuri. Wanacheka na kila mtu. Nikawaza: jaji gani atatenganisha baba na mapacha?

Nimemwomba aniazime hao wawili Jumanne kwa picha chache tu, mke akiwa zamu. Amekubali, alikuwa anatafuta wa kumshikia. Wanafanana nami kidogo, hasa ukifumba jicho moja. Mkubwa ameshaanza kuniita baba.