Upande wa Mama Umepoa

Leo nimeaibika hadi nimetoka gereji kwa mlango wa nyuma. Na gereji ni yangu.

Nilipokwenda Uarabuni, watu wa kwetu walisema nitarudi na ndevu tu. Niliporudi, wakasema gereji sitafungua. Nilipofungua hapa Makutano, jirani yangu Baba Karimi, anayechomelea mageti, akasema nitafunga kabla ya mvua. Mvua zimekuja zikapita, mimi nipo. Diploma niliyosomea Embu imo kwenye fremu, ukutani, juu ya betri kuukuu. Nimetengeneza AC za magari Doha, kwenye jua ambalo ukiliachia bisibisi dakika chache huwezi kuishika tena. Kwa hiyo kila asubuhi humsalimia Baba Karimi kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika, kisha humcheka kidogo. (Kumbukeni hicho kicheko. Kitarudi.)

Leo kumeamka ukungu na manyunyu, baridi ile ya Julai ya kukausha midomo. Akaingia Haji Noor. Haji ni msafirishaji kutoka mji wa Maua, mwenye pikapu zile za miraa mnazozikimbia barabarani. Alikuwa ameniahidi kunijaribu kwa gari lake la nyumbani. Nikilitengeneza vizuri, pikapu zote zinakuja kwangu. Nikiharibu, zinakwenda kwa jamaa wa mtaa wa pili, ambaye hana hata cheti cha kuogelea.

Gari lenyewe lina AC ya pande mbili: dereva anachagua hewa yake, abiria anachagua yake. Kwenye kiti cha abiria, kushoto, alikuwa mama yake Haji, amejifunika leso mbili na shali, yanaonekana macho tu. (Nikadhani ni heshima.)

Haji hana maneno mengi. "Bwana fundi, upande wangu joto. Upande wa mama umepoa."

Hapo ndipo nilipoanguka, ila sikusikia kishindo.

Mimi nikaelewa hivi: kwa mama kuko sawa, kwa Haji ndiko kubovu. Poa si ni poa? Tena nilikotoka, hewa ya joto ndani ya gari ni ugonjwa. Abiria akitetemeka, fundi anapewa mkono.

Nikaanza kwa mhadhara. Nikamweleza Haji kwamba nyuma ya dashibodi kuna vilango vidogo vinavyopitisha hewa ya joto au ya baridi, na kila kilango kina mota yake ndogo ya kukigeuza. Meno ya gia za mota yakiisha, kilango kinakwama, na mota inabaki kulia tik tik tik kama saa ya ukutani. Baba Karimi alikuwa ameshaacha geti lake, amekuja kusikiliza. Vizuri, nikasema moyoni, naye asome.

Nikawasha gari. Tik tik tik.

Sauti ilitoka kushoto, kwa mama. Niliisikia. (Masikio yangu hayana shida yoyote.) Lakini nilikuwa nimeshaamua kwamba ugonjwa uko kulia, nikawaambia sauti ndani ya dashibodi husafiri. Inazaliwa kulia, inasikika kushoto.

"Kwa hivyo mbuzi akilia huku," Baba Karimi akauliza, "tumtafute kule?"

Nikamwambia geti lake linapoa. Sikujua naongea nini.

Nikachomeka skana, ile mashine ya kusoma ubovu wa gari. Ikaonyesha kilango cha dereva kimefunguka kwenye joto mpaka mwisho. Nikawageuzia kioo chake wote waone: kimekwama! Kumbe kilikuwa pale kwa sababu Haji mwenyewe alikuwa amezungusha kitufe kwenye joto mpaka mwisho, akitafuta kupata joto kama binadamu yeyote wa Meru mwezi wa Julai. Sikukitazama kitufe. Mtu mwenye skana ya Doha anatazama kitufe cha nini?

Nikalala chali chini ya usukani, miguu nje, nikafungua mota. Gia zote nzima. Zinang'aa grisi, hakuna hata jino moja lililopungua. Fundi asiye na diploma angeishia hapo. Mimi nikatangaza kwamba ubovu wake ni wa ndani, ule usioonekana kwa macho. Nikakisukuma kile kilango kwa kidole upande wa baridi, nikakifunga kwa waya, nikamwambia Haji mota mpya itatoka Nairobi. Hewa ya barafu ikanipiga usoni. Nikakumbuka Doha, machozi yakanilenga.

Tukaenda kulijaribu gari, barabara ya kupanda Timau. Mimi kwenye usukani, mama kando yangu, Haji nyuma. Nikafungulia AC yote.

"Mama, kwako kukoje?"

"Nimepoa, mwanangu."

Nikamshukuru. Nikaongeza kidogo.

Tulipoingia kwenye ukungu mzito nikamuuliza tena. Akasema amepoa mpaka vidole. Nimesifiwa na wateja wengi, lakini mpaka vidole? Nikadhani ndicho Kiswahili cha watu wa Maua, nikaongeza upepo. Haji akakohoa kule nyuma, akasema hata yeye sasa amepoa. Nilitaka kusimamisha gari nimkumbatie. Nikamwambia, "Haji, hiyo ndiyo diploma."

Tukarudi Makutano. Hata sijazima injini, mama akafungua mlango mwenyewe, akavuka barabara bila kumtazama mtu, akaenda moja kwa moja kwa mwanamke anayechoma mahindi. Akatia mikono yote miwili juu ya jiko, katikati ya mahindi. Watu wakaacha kula. Baba Karimi akakimbia kumletea kiti.

Mama akakaa. Akapata pumzi. Kisha akamgeukia mwanawe, kwa Kiswahili kilichonyooka cha mtu aliyekulia Mombasa.

"Noor, nimekukosea nini? Namwambia nimepoa, anaongeza. Namwambia mpaka vidole, anasema asante. Kwao chai ikipoa wanaipasha moto au wanaishukuru?"

Hapo ndipo kile kishindo kiliponifikia.

Baba Karimi hakuwa na haraka. Alingoja mpaka wa mahindi, wa bodaboda na wa kuosha magari wote wasogee. "Fundi, wacha nielewe. Hita ilikuwa inafanya kazi upande mmoja. Huo ndio umefunga na waya?"

Nikaokota bisibisi.

Nikarudi kwenye gari, safari hii upande wa kushoto. Nikatoa kile kisanduku cha mbele ya abiria, na mota ilikuwa pale pale, inalia tik tik, gia yake imebaki na meno kama ya kikongwe. Bahati yangu mota za pande zote mbili ni za aina moja. Ile nzima niliyoitoa kwa Haji nikaifunga kwa mama, hewa ikatoka moto kama pumzi ya jiko. Haji akasema yeye atavaa koti mpaka mota mpya ije. Mama akarudi kwenye kiti chake, ameshika hindi la kuchoma alilopewa bure kwa ajili ya pole.

Nikasimama dirishani kungoja hukumu ya zile pikapu. Haji akajifunga koti.

"Bwana fundi, mama simleti kwako tena. Pikapu nitazileta zote. Miraa ikipata joto inakauka, na wewe baridi unaiweza."

Akaondoka. Mtaa wote ukacheka, na mimi nikatafuta mlango wa nyuma.

Basi kila mtu aliyesema sitaweza, nami nikamcheka, leo nimemrudishia kicheko chake pamoja na riba. Baba Karimi amechukua chake chote, anaendelea kuchukua mpaka sasa, namsikia kutoka huku nyuma ya ukuta. Sina deni la mtu.

Ombi langu ni moja. Mkikutana nami mjini, nisalimieni "habari ya leo". Msiniulize "mambo".