Cheti cha Utu Uzima

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Kijiji cha Chamwali, wenye kiu na wasio na kiu, kwamba Serikali ya Kijiji imeunda Kamati Maalumu ya Kupitia Upya Umri wa Kunywa Pombe, na kwamba kuanzia leo suala hilo lisijadiliwe na mtu yeyote ambaye hakuteuliwa kulijadili.

Tangazo hilo lilibandikwa mlangoni mwa ofisi na Mtendaji wa Kijiji mwenyewe, Nickson Kondo, kwa gundi ya ugali, maana gundi ya serikali ilikuwa bado iko kwenye makadirio. Akarudi nyuma hatua tatu, akalisoma, akaliona zuri. Akalipiga muhuri wa pili.

Chamwali iko kati ya Kilosa na Mikumi, na vijana wake wengi huenda Kidodi kukata miwa msimu ukifika. Nchi nzima ilishakubaliana kwamba mtu wa miaka kumi na minane anaweza kupiga kura, kushitakiwa, kulala rumande na kuagiza bia. Chamwali ilikubali matatu ya kwanza. Kwa hilo la nne ilijiwekea miaka ishirini na tano, kwa sheria ndogo iliyotungwa na Nickson baada ya uchunguzi wa kina. Uchunguzi huo uligundua kwamba friji ya glosari ya Doreen inachukua kreti mbili tu, na vijana wakirudi kutoka Kidodi zote mbili huisha kabla Mtendaji hajafunga ofisi. Hayo hayakuandikwa kwenye sheria. Kwenye sheria iliandikwa "kulinda nguvu kazi ya taifa".

Sasa nguvu kazi yenyewe ndiyo iliyoleta barua ya kutaka umri huo ushushwe. Aliyeileta ni Yared, mkata miwa mwenye mabega ya kubeba mlango, na nyuma ya barua hiyo kulikuwa na sahihi arobaini na moja.

"Shikamoo, Mtendaji."

"Marahaba. Una miaka mingapi?"

"Ishirini na mitatu."

"Unaona? Bado."

"Bado nini, mzee? Nina mke, nina watoto wawili. Juzi mmenitoa kitandani nikachimbe msingi wa zahanati, hamkuniuliza umri."

"Msingi haulevyi," alisema Nickson, na akaona amejibu vizuri.

Angeitupa barua ile kwenye droo ambako barua nyingine zilikuwa zimepumzika kwa amani, kama si habari iliyotoka ngazi ya juu. Mheshimiwa Tumwagile, mkubwa wa wilayani, alikuwa anapita kwenye vijiji kutafuta mtendaji mbunifu wa kupandishwa kuwa Mtendaji wa Kata, na Chamwali angefika Jumamosi baada ya wiki tatu. Nickson alikitaka cheo hicho mpaka alikuwa anakiota, tena anakiota kikiwa na kiti cha kuzunguka. Alihitaji ubunifu, na haraka.

Ndipo likabandikwa lile tangazo, na Kamati ikakaa. Mwenyekiti alikuwa Abubakari, mnunuzi wa mbaazi, aliyeteuliwa kwa sababu hajawahi kuonja pombe maishani, hivyo hana upande. Wajumbe walikuwa mwalimu mstaafu Agnesi na mfugaji Sironga, na Mtendaji alikaa pembeni na kalamu yake. Siku ya kwanza walijadili nani akae wapi. Siku ya pili waliahirisha. Siku ya tatu wakaingia kwenye ajenda.

"Mimi napendekeza miaka themanini," alisema Abubakari.

"Mwenyekiti, wenye themanini hapa kijijini hawapo," alisema Nickson.

"Ndiyo maana."

Agnesi aliangalia saa yake. "Tuandike kumi na minane kama nchi nzima, kila mtu akapike."

"Mwalimu, hilo ni jibu," Nickson alimweleza kwa upole. "Sisi tumeundwa kwa ajili ya mchakato."

Muda wote huo Sironga alikuwa anachungulia dirishani, kwa kuwa ng'ombe wake walikuwa wameanza kulizoea shamba la mtu. Akasema bila kugeuka, "Hii miaka mnahesabia nini? Kwetu kijana hajipandishi mwenyewe. Morani hanywi pombe mpaka wakubwa waseme sasa basi, amekua. Anaweza kuota ndevu mpaka hapa, bado. Waliomlea ndio wanajua." Kisha akachukua fimbo yake akatoka mbio kuwafuata ng'ombe, na hakurudi tena kwenye kikao.

Kalamu ya Nickson ilikuwa imeshaanza kukimbia. Jioni ile ulizaliwa Mfumo Shirikishi wa Uthibitishaji wa Utu Uzima. Miaka ishirini na tano ikafutwa. Kuanzia miaka kumi na minane, mtu yeyote, bila kujali cheo, atakayetaka kunywa pombe ndani ya mipaka ya Chamwali, atafika mbele ya Kamati na mzazi au mlezi wake, mzazi huyo atamke kwamba mwanawe amekua, na mhusika atapewa cheti chenye picha. Yale maneno "bila kujali cheo" Nickson aliyaweka kwa sababu yangesikika vizuri kwenye hotuba.

Alilala akitabasamu. Umri umeshushwa, vijana wamesikilizwa, Mheshimiwa atafurahi. Na ni mama gani wa Chamwali atakayesimama hadharani kumwombea mwanawe ruhusa ya kulewa? Kreti zote mbili zilikuwa salama.

Kumbe alikuwa hawajui akina mama. Wao waliona mara moja kwamba kwa mara ya kwanza serikali imewapa kitu cha kushika mkononi. Wiki hiyo mitungi ya maji Chamwali ilijaa mpaka ikamwagika. Mabanda ya kuku yaliezekwa. Kijana mmoja alionekana akiosha sufuria mchana kweupe, na wenzake badala ya kumcheka wakamwomba stilwaya ya kusugulia. Zamu ya Yared ilipofika, mama yake alisimama mbele ya Kamati na kusema, "Huyu alikua siku tuliyomzika baba yake. Andikeni." Hakuna aliyemuuliza swali la pili. Agnesi aliandika huku amejiinamia, na Yared akapewa cheti namba moja.

Mpaka Ijumaa ya pili vilikuwa vimetoka vyeti thelathini na nane. Siku hiyo Nickson aliingia glosari akiwa amelegea kwa uchovu wa kutumikia umma.

"Baridi moja, Doreen."

"Cheti, Mtendaji."

"Mimi ndiye niliyeitunga hiyo sheria!"

"Ndiyo maana nakuheshimu. Cheti."

"Nina miaka arobaini na tisa!"

"Miaka si uliifuta mwenyewe, mzee wangu?"

Kesho yake alfajiri Nickson alipanda bodaboda hadi Kimamba, kwa mama yake, Bi Costancia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nguo ziko wapi?" Mkewe aligoma kumfulia tangu Pasaka, na mfuko wa nguo chafu ulikuwa unasafiri naye kila wiki.

"Za wiki iliyopita bado unazo. Leo nimeleta fomu ya Kamati, usisumbuke kuja."

Bi Costancia aliishika mbali na macho. "Inasemaje?"

"Inasema mimi ni mtu mzima."

"Nani kasema?"

"Wewe. Unatia sahihi hapa chini."

Mama alimtazama jinsi mtu anavyofunua sufuria kuona kama maharage yameiva. "Mkeo alipolazwa ulikuwa wapi?"

"Semina, mama."

"Na paa langu?"

"Liko kwenye mpango. Robo ya tatu."

"Mwaka huu umemwomba mtu yeyote msamaha?"

Nickson alifikiri kwa uaminifu kabisa. Alikuwa ameandika barua saba za kuwataka watu wengine waombe msamaha, lakini aliona si hilo alilokuwa anaulizwa.

"Basi utarudi ukishakua, mwanangu," alisema Bi Costancia, akamrudishia fomu. "Kunywa chai kabla haijapoa."

Akainywa. Ilikuwa na vijiko vinne vya sukari, anavyopenda, na kwa sababu hiyo uchungu ukamzidi. Alirudi Chamwali akiwa na hasira na mapenzi kwa pamoja, hali ambayo haikuwa na fomu yake. Lakini mtendaji mzoefu hakosi njia. Kila nafasi serikalini ina kaimu wake. Alijifungia ofisini, akajiandikia cheti, akajaza: "Kaimu Mzazi: N. Kondo, kwa niaba ya Mama." Akapiga muhuri mara mbili.

Jumamosi ya uzinduzi, Mheshimiwa Tumwagile alifika na magari matatu. Meza kuu ilitandikwa kitambaa, bia zikapangwa, hotuba ikasomwa, na "bila kujali cheo" ikapigiwa makofi kama ilivyotarajiwa. Kisha Doreen akapita kukagua vyeti, kwa kuwa ndiyo sheria iliyokuwa inazinduliwa. Alipokipokea cha Nickson alikisoma kwa sauti.

"Kaimu Mzazi ndiyo nani?"

Umati ukacheka. Abubakari alisimama kwa uzito wa uenyekiti wake. "Kaimu hukaimu mtu asiyekuwepo," alisema. "Mama yako yule pale anashuka kwenye bodaboda."

Bi Costancia alikuja polepole mpaka meza kuu, akaweka mfuko wa nguo zilizofuliwa na kukunjwa kati ya chupa mbili, akasema, "Soksi moja sijaiona." Kisha akatafuta kiti.

Aliyecheka kuliko wote ni Mheshimiwa Tumwagile. Alicheka mpaka Doreen akamfikia.

"Na cha kwako, mgeni rasmi?"

"Mimi natoka ngazi ya juu."

"Bila kujali cheo, Mheshimiwa. Umepiga makofi sasa hivi."

Mheshimiwa akatoa simu kwa kujiamini, akampigia mama yake Tukuyu, akaweka sauti kubwa ili wananchi wasikie. "Mama, shikamoo. Sema tu ndiyo, wananchi wanasikia."

"Nani huyu?"

"Mimi, Tumwagile."

"Tumwagile yupi? Yule aliyesema anakuja Krismasi tukachinja mbuzi?"

"Mtandao huku unasumbua," Mheshimiwa aliwaeleza wananchi, akaizima. Akamwinamia Nickson sikioni. "Hiyo sheria ifute. Sasa hivi, au cheo usahau."

"Haiwezekani, Mheshimiwa." Jasho lilikuwa linamtiririka Nickson mpaka kwenye tai. "Kifungu cha mwisho kinasema itafutwa na wenye vyeti peke yao. Nilidhani mwenye cheti nitakuwa mimi peke yangu."

Macho yote yakageukia benchi la wenye vyeti. Yared alikuwa ndiyo kwanza amefungua chupa yake. Aliiweka chini, akafuta mdomo, akasimama wima.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, kijana wangu. Sasa hili jambo..."

"Ombi lenu tumelipokea," alisema Yared kwa adabu zote. "Linafanyiwa kazi."

Nickson akauliza litachukua muda gani. Yared akashauriana na wenzake kwa kunong'ona, akamjibu kwamba arudi Jumatano, na aje na mama.