Programu Yangu ya Kuunganisha Malori

Jumatatu, 12 Mei
Siku kubwa! Mzee Mohamed, mwenye ofisi yetu ya uwakala wa forodha hapa Malaba, ametangaza kwamba Ijumaa atachagua mkuu wa kompyuta. Ni mimi au mwenzangu Fazila. Yaani ni mimi. Kazi yenyewe: programu ya kuunganisha majina ya madereva, namba za malori na mizigo yao kuwa ujumbe mmoja mrefu wa foleni, utumwe kwa madereva kila asubuhi. Yangu nimeimaliza. Nimeijaribu kwa malori matatu, safi kabisa! Nimempigia mchumba wangu Rita kumwambia cheo nimepata. Ameshawaambia wazazi wake kule Nambale.

Jumanne, 13 Mei
Foleni ya malori imerudi nyuma hadi mji wa Amagoro. Programu imeganda. Madereva wamejaa mlangoni. Fazila akachungulia bila kukaribishwa, akasema kila nikiongeza lori moja, mashine inanakili upya ujumbe wote tangu mwanzo. Eti ni kama kujaza gunia la mahindi, na kwa kila kopo la gorogoro unaloongeza unahamishia gunia zima kwenye gunia jipya kwanza. Akanishauri nikusanye vipande vyote kwenye orodha, niviunganishe mara moja mwishoni. Wivu tu! Shida ni joto.

Jumatano, 14 Mei
Nimeomba barafu kwa mama Asio, muuza samaki. Nikaiweka laptopu juu yake kwenye karai. Kasi ni ile ile. Sasa inanuka mbuta, na paka wa ofisi amehamia mezani kwangu.

Alhamisi, 15 Mei
Nimegundua! Majina ni marefu mno. Nimempa kila dereva herufi moja, ya kwanza ya jina lake. Ujumbe ukatoka! Kisha akaitwa O getini, wakaja akina O wote na malori yao. Barabara ikazibika. Olinga, dereva wa Tororo, akanifuata hadi ndani: "Boss, kwani mimi ni herufi? Baba yangu alichinja ng'ombe juu ya hilo jina!" Mzee Mohamed ameyaona yote. Naogopa. Rita nitamwambia nini?

Ijumaa, 16 Mei
Fazila amepata. Programu yake ilimaliza kabla sijavuta kiti. Nimeumia sana, sifichi. Mimi napelekwa tawi la Busia na programu hiyo hiyo ya Fazila, pamoja na amri ya Mzee kwamba nisiiguse. Rita nimemwambia nimepandishwa nikapewa tawi zima.

Jumatatu, 19 Mei
Busia. Nimeigusa kidogo tu. Ilikuwa inamaliza papo hapo, dalili ya uvivu. Nimeirekebisha iongeze lori baada ya lori, kwa heshima. Tangu asubuhi inazunguka bila kupumzika. Huko ndiko kuchapa kazi! Wazazi wa Rita wanafika mchana kuniona ofisini. Wamebahatika: madereva wananishangilia kwa honi, foleni nzima hadi Mundika.