Rojo la Kuzibia Boga

Jumatatu, 29 Septemba
Boga limepasuka. Siku tano kabla ya mizani ya mashindano! Ufa mrefu kama kidole cha shahada, chini, upande unaogusa ardhi. Nimeingiza sindano ya kufumia. Imezama yote, ikatoka na utando wa njano na mbegu moja. Maana yake ufa umefika tumboni. Sheria ya chama cha wakulima wa maboga hapa bondeni iko wazi: boga lenye tundu la kufika tumboni halipimwi.

Nimelifunika turubai. Sijamwambia mtu.

Lazima nishinde. Mke wangu Géraldine alitamka mwezi wa tano kwamba miaka tisa bila utepe wa ushindi inatosha. Nisipopata mwaka huu, bustani yote ni yake, apande vitunguu saumu. Hupandwa Oktoba. Mbegu ameshanunua, uzito wa pauni kumi, ziko jikoni.

Mshindi wa miaka minne mfululizo ni Normand, kaka yake Géraldine. Leo alipita uani akauliza kwa nini boga limevaa koti. Nikasema baridi. Akasema aha.

Jumanne, 30 Septemba
Jibu ninalo! Miaka thelathini na moja nilipika rojo la karatasi kiwandani, na kitu hicho kikikauka kinashika kuliko saruji. Kila kitu ukikiponda vya kutosha ni rojo: mti, tufaha, boga, hata mtu akianguka vibaya. Swali ni utalinywa, utaliandikia au utazibia ufa.

Nimekwenda langoni mwa kiwanda na ndoo kuomba rojo bichi. Mlinzi amesema wastaafu hawaruhusiwi kupita. Ndoo pia hairuhusiwi.

Jumatano, 1 Oktoba
Chini ya ngazi kuna sanduku la marehemu baba mkwe. Limejaa magazeti ya hadithi za mauaji, yale ya senti chache, karatasi ya kahawia inayolainika kama mkate ndani ya chai. Nikachukua la juu. Nikaliloweka, nikalitia kwenye blenda na unga wa ngano. Blenda ikatoa moshi kabla ya kumaliza kazi, kwa hiyo vipande vingine vilibaki vikubwa. Si neno, vitakaa kwa ndani.

Nimelala chali chini ya boga saa mbili nzima nikishindilia. Juu nimepaka rangi ya machungwa iliyobaki ya boti. Kazi safi. Mgongo umekwisha.

Alhamisi, 2 Oktoba
Kumbe Géraldine alikuwa analisoma gazeti lile. Alibakiza kurasa mbili. Watu wote kwenye nyumba ya hadithi wameshakufa isipokuwa daktari na mpishi, na yeye anamshuku daktari. Ameuliza liko wapi. Nimesema panya.

Ametega mtego. Kuhusu blenda bado hajauliza.

Ijumaa, 3 Oktoba
Kiraka kimekauka. Nikikigonga kinalia kama sahani. Normand amekuja kulitazama boga, akalizunguka mara tatu. Akasema, "Shemeji, mwaka huu nakuona umetulia. Unaumwa?"

Nimemkaribisha chai. Mshindi lazima awe mkarimu.

Jumamosi, 4 Oktoba
Mvua! Tangu alfajiri, na boga juu ya gari la wazi. Turubai nililisahau uani.

Boga la Normand: pauni 815. Langu likafungwa mikanda, likanyanyuliwa na winchi, mizani ikasoma 842. Watu wakapiga makofi. Géraldine akanishika mkono, jambo ambalo hajalifanya hadharani tangu harusi ya binti yetu. Nilifurahi mno.

Mwamuzi, Bi Cyr, mwalimu mstaafu, akainama kukagua chini. Kiraka kilikuwa kimekunywa maji tangu alfajiri. Kikavimba, kikajiachia, kikamwangukia kwenye kiatu, na matumbo ya boga yakafuata. Bi Cyr hakupiga kelele. Aliokota kipande cha karatasi, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya darasani: "Mpishi alifuta kisu kwenye aproni, akakiri yote."



"Kumbe mpishi," akasema Géraldine. "Na mimi namlaumu daktari wa watu." Akauachia mkono wangu.

Normand aliyatambua magazeti ya baba yake. Kona moja tu ya karatasi ilimtosha. "Shemeji," akasema, "boga lako limesoma kuliko wewe."

Nimefutwa. Mwaka mmoja nisishiriki. Utepe wa tano umekwenda palepale ulipozoea.

Jumapili, 5 Oktoba
Baada ya misa Géraldine amepanda vitunguu saumu. Mimi ndiye niliyechimba mashimo. Aliponiambia nichimbe na pale lilipokuwa shina la boga, iliniuma kweli, na nilimwambia imeniuma. Alinipapasa bega, kisha akanionyesha mstari unaofuata.

Nimefikiri sana leo. Kosa nimelijua: karatasi. Ilikuwa duni mno. Vitabu vya mapishi vya Géraldine vina karatasi nzito yenye kung'aa, maji hayaingii, na vingi hata hajavifungua. Nyuma ya kanisa kuna kiwanja kinachopata jua tangu asubuhi, na padri ni mgeni, hajatufahamu. Nimemwambia boga litakuwa la kanisa, litaandikishwa kwa jina lake yeye.

Amefurahi sana. Ameniuliza kama kuna sheria zozote anazopaswa kuzijua. Nimesema hakuna.