Mwasisi wa Nane wa Undugu wa Mlango

Jumatatu, 5 Januari 2026

Nimepoteza uasisi. Leo, saa tatu na dakika kumi asubuhi, kwa barua pepe.

Aliyeninyang'anya ni Wayne, mwenyekiti wa Undugu wa Mlango, umoja wa wanafunzi Wakristo wa chuo nilichosoma. Umri wake miaka ishirini na mmoja. Undugu wenyewe una ishirini. Ameandika kwa adabu inayouma: Anko Zachariah, tumepata daftari la kwanza, waasisi ni saba, jina lako halimo, samahani sana.

Halimo! Miaka kumi na moja mfululizo, waasisi wakiitwa kusimama siku ya kumbukumbu, nimesimama nao. Mmoja amehamia Calgary, mmoja amefariki, wawili wana zamu za Jumamosi. Mstari ulikuwa na mapengo. Nikaziba. Hakuna aliyehesabu.

Ningenyamaza, kama si mama mkwe. Amefika kutoka Kisii tarehe 29 Desemba. Mwaka 2011, nilipokwenda kuposa, nilimwambia mimi ni mwasisi wa umoja wa Kikristo Toronto. Kwa neno hilo nikapewa Kemunto. Kazi yangu wakati ule ilikuwa kupakia makasha ghalani Rexdale. Hiyo sikuitaja.

Leo nasimamia watu arobaini na sita ghala lile lile. Nimejijenga mwenyewe. Lakini Jumamosi hii, siku ya kumbukumbu, mama mkwe atakaa safu ya kwanza kunitazama nikisimama. Nisiposimama?

Jumanne, 6 Januari

Nimempigia Nigel, mmoja wa wale saba. Mgoa mzaliwa wa Nairobi, mfamasia, anakaa Etobicoke, anajiona sana.

Hoja yangu ni ya hesabu tupu. Mkutano wa kwanza ulifanyika sebuleni kwao, 11 Januari 2006. Sebuleni mlikuwa na watu wanane. Nami nilikuwemo. Saba na mmoja ni ngapi?

Nigel akasema ni kweli nilikuwemo, bwana, ila nilikuwa nimelala kwenye kochi chini ya mablanketi matatu. Nikamjibu kwamba blanketi halimwondolei mtu uasisi. Akacheka hadi mkewe akaja kuuliza kuna nini. Kisha akaniuliza kama nimewahi kusoma ukurasa wa kwanza wa lile daftari.

Nikakata simu. Mtu mzima hahojiwi hivyo.

Alhamisi, 8 Januari

Akili! Nimejitolea kutafsiri historia yetu kwa Kiswahili, kwa ajili ya wazee. Wayne ameshukuru mara nne. Mtoto huyu Kiswahili anakielewa chote kikisemwa, kukisoma, sifuri. Hapo ndipo nilipopenya.

Daftari ninalo. Ukurasa wa kwanza ni mbaya kuliko nilivyokumbuka. Unasema wale saba walimkuta mwanafunzi mgeni uwanja wa ndege, ameketi juu ya sanduku lake kwa saa kumi na tisa. Amevaa suti ya harusi ya mjomba wake na viatu bila soksi. Nje, nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Yeye anamwambia kila mlinzi kwamba balozi yuko njiani kuja kumchukua. Walipomwambia wao si balozi ila wana gari, akalia kwa sauti. Jioni ile wakaazimia, kwa jina la Yesu, asifike tena mwanafunzi mji huu pasipo mtu wa kumngoja mlangoni.

Ndilo kusudi letu lote. Hakuna jingine. Jina la mgeni wameliacha, kwa huruma. Nami miaka ishirini hii nimeisimulia hadithi hiyo nikisema alikuwa Mtanzania.

Nimeona haya, peke yangu, mchana kweupe.

Nimetafsiri hivi: "Waasisi wanane, vijana wenye maono, waliunda Undugu ili kukuza viongozi." Uwanja wa ndege, nje. Suti, nje. Maneno 212 yamebaki kumi. Chini yake, majina manane.

Jumamosi, 10 Januari

Ukumbi wa kanisa, Etobicoke. Watu 112.

Nilisahau desturi moja. Moja tu! Ukurasa wa kwanza husomwa na aliyefika Kanada karibuni kuliko wote ukumbini. Wayne akauliza nani ana siku chache. Msichana mmoja akasema ishirini. Kemunto akauinua mkono wa mama yake: kumi na mbili!

Mama mkwe alifundisha hesabu miaka thelathini na minne. Akapewa tafsiri yangu, akavaa miwani, akasoma majina kama anaita rejista. Langu akalirudia, kwa fahari. Kisha akageuka kutazama ukurasa wenyewe wa Kiingereza, uliobandikwa ukutani. Nikaona vidole vyake vinahesabu.

Akauliza, kipaza sauti kikiwa wazi, akiniita kwa jina la mtoto wetu: Baba Crystal, hapa wanane, kule saba, jibu sahihi ni lipi? Na huyu wa uwanja wa ndege, huku kwenye Kiswahili amekwenda wapi?

Kwetu mkwe hali meza moja na mama mkwe. Tangu Desemba nala jikoni nimesimama. Leo nimeulizwa hesabu naye mbele ya watu 112. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nigel akasimama. Nikajua amenimaliza. Akasema waasisi ni saba, mama, ila mgeni wa uwanja wa ndege ndiye huyu mkweo. Bila yeye tungekuwa vijana saba wanywa chai.

Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Dakika mbili! Uongo wangu haukuwahi kupata hata sekunde kumi.

Mama mkwe hakupiga. Alifuta miwani, akaniuliza taratibu kwa nini sikumwambia hili siku ya posa. Kwa hili, alisema, angenipa binti bila kuuliza kazi yangu. Njia nzima kurudi Rexdale Kemunto hakuniita Baba Crystal. Aliniita Ongeri, jina langu la ukoo.

Kabla hatujatoka, Wayne aliuliza nani atampokea Elias, mwanafunzi mpya kutoka Eldoret, uwanja wa ndege kesho saa nane mchana. Mkono wangu ulikuwa wa kwanza kuinuka. Nilimaanisha.

Jumapili, 11 Januari

Nimetafakari kanisani. Hesabu ilikosewa!

Kama bila mimi hakuna Undugu, basi mimi si wa nane. Ni wa kwanza. Wale saba wasogee nafasi moja moja. Nimemwandikia Wayne kurasa tatu, pamoja na mchoro wa tutakavyosimama mwakani.

Sasa ni saa nane na dakika hamsini. Simu imeita mara nne, namba ngeni, nikiwa kwenye aya nzito. Kemunto ameuliza kama bado sijaondoka. Nimesema dakika tano. Yeye na mama yake wamechukua funguo za gari na koti langu zito, wakaenda.

Afadhali, nyumba imetulia. Barua nimeifunga hivi: Wayne, sitaki samahani wala maelezo. Je, mimi ni mwasisi nambari moja? Ndiyo au hapana. Nipate jibu kabla ya Jumatano, saa sita mchana.