Matairi Mapya Mliyonigawia

Kyebando, Kampala
14 Aprili 1977

Kwa Afande Meneja wa Duka la Matairi,

Nakusalimu kwa heshima zote. Mimi ni Bashir Sulaimani, muuza vitambaa wa soko la Kikuubo, mwenye Datsun nyeupe. Jumatatu duka lako lilinigawia matairi manne. Ni mapya, ni ya saizi ya gari langu, na yote yanafanana. Nimeumia sana.

1. Kosa kama hili halijawahi kutokea dukani kwako. Jirani yangu Kakule ana Volkswagen, mkampa ya trekta. Amepanda mchicha ndani yake na analala usingizi mzuri. Mimi nimekosa nini?

2. Miaka mitatu nimeendesha matairi vipara, nyuzi zikichungulia nje, na hakuna aliyelitamani gari langu. Sasa watu wa miwani ya jua wanalizunguka, wanainama, wanapapasa matairi kama wanunuzi wa mbuzi. Gari likiazimwa kwa kazi za serikali, afande, unajua halirudi, na pengine dereva naye harudi. Mke wangu Naila anakaribia kujifungua. Nitampeleka hospitali na nini, karai?

3. Mtaani naitwa mafuta mingi, kama wale matajiri waliogawiwa maduka. Shemeji zangu sita wamekuja kunipongeza, na bado wapo.

4. Nilimwomba Anselme, fundi Mkongo wa Kalerwe anayechonga kashata, ile mifereji ya tairi, kwenye vipara mpaka vinapendeza, ayakwangue haya yawe vipara. Alikasirika hadi machozi yakamtoka. Alisema mikono yake haijawahi kuua tairi zima, akaniuliza kama nina homa.

Kwa hiyo naomba unirudishie vipara vyangu, au hata vya mtu mwingine. Ikishindikana, nipe barua yenye muhuri kwamba matairi haya ni mabovu.

Wasalimie wote hapo, pamoja na askari anayelinda rafu tupu.

Ni mimi, ninayekutii kwa hofu nyingi,
Bashir Sulaimani

N.B. Kabla sijaipeleka barua hii, Naila alishikwa na uchungu, mvua ikimwagika. Kilima chetu kilikuwa utelezi mtupu, tukakipanda bila kusukumwa hata mara moja. Kwenye kizuizi cha Kalerwe askari aliyaangalia matairi, akadhani mimi ni mkubwa fulani, akapiga saluti na kuondoa gogo. Mtoto ni wa kike, mzima, na nimelia kwa furaha. Barua naituma hivyo hivyo kwa kuwa karatasi nayo haipatikani. Tafadhali usilete mtu kuyachukua. Na kama unalo la tano, la akiba, nitalifuata mwenyewe, hata leo.