Kipande cha Mwisho cha Mzee Valerian

Lutindi, Jumatatu, 7 Oktoba 1991

Naahidi kuandika yote humu, hata ya aibu. Mzee Valerian ametunga nyimbo za kanisa miaka arobaini. Sasa amezeeka, anatunga vichekesho vya piano, vifupi, dakika moja tu. Anacho "Mbuzi Katika Ibada" na "Mama Hilaria Akigombea Basi la Mkata". Leo katoa kipya: "Naisiae Akikimbiza Ndama". Naisiae! Amehamia shuleni kwetu muhula huu tu kutoka Handeni! Mimi naifuta vumbi piano yake tangu darasa la tano. Nimempongeza. Taya zimeuma.

Jumanne, 8 Oktoba

Daftari la mzee limebakiza ukurasa mmoja. Lazima uwe wangu! Nimepita mbele ya baraza yake mara sita, kwa madaha. Ya saba akaniita. Nikajua nimepata! Akauliza kama nimepoteza kitu. Naisiae, aliyekaa naye barazani, akasema natembea kama bata aliyevaa raba. Wivu sina. Ila anacheka kwa sauti mno.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimemwuliza mzee anachaguaje watu. Akasema hamtungii anayejipitisha. Humtungia anayedhani haonekani. Nimeelewa. Nitajificha waziwazi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimeazima kofia ya mitumba ya shangazi Serafina, yenye ua jekundu. Nimepanda juu ya ndoo dirishani kwa mzee nione anamwandika nani. Alikuwa amenipa mgongo. Ndoo ikateleza. Nimeangukia maboga, kofia ikanasa kwenye msumari. Nikakimbia kichwa wazi. Hakuna aliyeniona. Afadhali!

Jumapili, 13 Oktoba

Baada ya ibada mzee kapiga kipande cha mwisho, "Mgeni wa Dirishani". Vidole vikapanda taratibu. Kimya. Noti moja juu kabisa: akasema hiyo ni kofia. Kisha kishindo, na ndoo ikabingirika mpaka mwisho. Watu wamecheka hadi machozi, wote wakinitazama mimi. Kwa huruma, bila shaka: mgeni hapa ni Naisiae. Naisiae akanishika mkono, akasema hongera, dada. Dharau gani hii? Anachungulia wazee, anatungiwa cha pili, halafu ananipongeza!

Mzee kanirudishia kofia ya shangazi, huku akikonyeza. Kumbe Naisiae aliiiba!

Nimemwandikia mzee barua, mdogo wangu Mwaija kaipeleka ndani: Shikamoo, mzee. Nipo nje ya dirisha lako, juu ya ndoo, nangoja jibu kwa mkono wa Mwaija. Nikikuletea daftari jipya, na mimi utanitungia lini?